Dakika mbili za filamu ambayo haipo

Bidoni tupu ikiviringika kwenye ngazi za saruji inatoa mlio wa ngoma ya watoto, mwepesi, wa kuchekesha. Bidoni yenye lita 20 haiviringiki kabisa. Inatua ngazi ya kwanza, inapasuka kona, na hapo umepoteza bidoni na maji kwa pamoja. Sisi tulitaka ianguke kama kitu kizito kilichomponyoka mtu aliyeshtuka. Jibu lilikuwa lita mbili na nusu. Tulilipata mara ya saba, saa mbili kasoro robo asubuhi, kwenye ngazi moja ya Kadutu, mtaa wa mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huku jua likianza kutuharibia kila kitu.

Niseme mapema kwa wasomaji wa mbali: bidoni ni lile dumu la njano la plastiki, lililoletwa mjini na mafuta ya kupikia kisha likabaki kuwa mali ya kila nyumba. Bukavu hakuna anayesema dumu.

Ilikuwa Machi 2023, mwaka wangu wa tatu wa kusomea mawasiliano chuoni. Mwalimu wetu wa picha na sauti alitugawa katika vikundi vya watu wanne akatupa kazi moja tu: tengenezeni mwanzo wa filamu. Alisisitiza kwamba hataki filamu fupi, anataka mwanzo. Dakika mbili, pamoja na jina la filamu na majina ya waliofanya kazi, halafu basi, skrini inakuwa nyeusi. Wengi tulifurahi tukidhani tumepewa kazi nusu. Kumbe filamu fupi ina nafasi ya kujirekebisha katikati. Mwanzo hauna katikati. Ndugu Lumière, Wafaransa waanzilishi wa sinema, walipoonyesha filamu zao kwa watu waliolipa kiingilio, Paris, tarehe 28 Desemba 1895, zilikuwa filamu 10 na hakuna iliyofika dakika moja. Dakika mbili tulizoziita kidogo, wale wangeonyesha filamu mbili nzima na muda ungebaki.

Sharti la pili lilituudhi. Kabla ya kugusa kamera, kila kikundi kiandike kwenye karatasi filamu hiyo isiyokuwepo ingeishaje. Sentensi moja. Mwalimu alisema mtu asiyejua anakokwenda ataanza kwa kudanganya. Hadithi yetu ilikuwa ya msichana anayeamka usiku kwenda kuchota maji, anarudi alfajiri anakuta mlango wa kwao umefungwa kwa ndani, na hakuna anayeitika. Nani amefunga? Tulibishana jioni nzima. Mimi nilitaka awe mama yake. Mpiga kamera wetu alitaka awe mgeni. Mwenzetu wa sauti alitaka asiwepo mtu, mlango umejifunga tu, na hofu yote iwe ya bure. Wa nne, aliyekuwa mratibu na mwenye mwandiko mzuri, akaandika "kaka yake" kwa sababu yalikuwa maneno mafupi na muda wa kupeleka karatasi ulikuwa umefika. Mwalimu akasoma, akatia alama ya vyema. Mkumbuke hiyo karatasi.

Mpango wetu wa kwanza haukuwa na ngazi wala bidoni. Ulianza juu, ziwa Kivu alfajiri, rasi za Bukavu zimenyooka majini kama vidole, wavuvi wa sambaza, vile visamaki vyetu vidogo, wanarudi na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu ya mikaratusi, wanaimba. Juu ya picha hiyo, sauti ya redio inasoma habari mbaya za Kivu. Kisha kamera inashuka polepole hadi mjini. Hatukuwa na chombo chochote cha kupaa, lakini mpiga kamera alijua jamaa mwenye kidroni, na kwenye karatasi kila kitu kinapaa.

Mwalimu aliitazama storibodi yetu, yaani michoro ya kila picha tutakayopiga, ambayo nilikuwa nimeichora nyuma ya karatasi za mtihani wa zamani, watu wangu wote wana miguu ya viberiti. Hakucheka michoro. Aliuliza, "Nani amesimama pale juu?"

Tukanyamaza.

"Ni mtalii? Ni askari? Ni ndege? Kama ni ndege, hakuna ubaya. Lakini filamu yenu ni ya ndege?"

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikachukia kama mtu aliyekamatwa na simu ya wizi. Lakini usiku ule nilijaribu kukumbuka ripoti na filamu nilizowahi kuona kuhusu mji wetu, na nyingi zilianza hapohapo: ziwa kutoka juu, halafu bunduki, halafu uso wa mama mwenye mzigo. Wanaopiga picha hizo wengi wameingia kwa ndege au kwa boti kutoka Goma, kwa hiyo ni haki yao, hivyo ndivyo walivyouona mji mara ya kwanza. Mimi nilizaliwa Bagira, mtaa mwingine wa mji huuhuu. Ziwa sijawahi kuliona kutoka juu namna hiyo hata siku moja. Nimeliona kati ya mabati mawili, ukubwa wa kiganja, nikiwa nimebeba kitu.

Hapo ndipo ngazi zilipoingia. Kadutu ni mteremko. Nyumba zimepandana hivi kwamba paa la jirani ni kibaraza chako, na mvua kubwa ikinyesha watu hawalali, wanasikiliza udongo. Ukisimama katikati ya ngazi tulizochagua, ziwa linaonekana kule chini, buluu, limejaa tele, na mkononi una bidoni isiyo na kitu. Sikuhitaji redio ya kusema lolote. Lile ziwa tukaliweka kwenye plani ya tatu, pembeni, sekunde nne. (Wavuvi hawakuingia. Mwenzetu wa sauti alikwenda kuwarekodi ufukweni hata hivyo, jioni wakitoka, na ninazo bado kwenye simu dakika 11 za nyimbo zao na makasia. Siku nyingine.)

Plani, yaani kipande kimoja kinachopigwa bila kusimamisha kamera, ni neno letu la Kifaransa. Huko Dar es Salaam au Nairobi wanasema shoti. Orodha yetu ya kwanza ilikuwa na plani 19. Mratibu akaishika kama mama anavyoshika bajeti ya mwezi. Kamera ya chuo ilikuwa moja, vikundi sita, kila kikundi kilipewa dakika 240, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Kusimamisha trepie, ile miguu mitatu ya kamera, kwenye ngazi, kupima mwanga, kujaribu, kurudia: haipungui dakika 20 kwa plani. Mara 19, ni dakika 380. "Tutapiga haraka," mpiga kamera akasema. Mratibu hakumjibu, alianza kufuta. Zilibaki 9. Dakika 180, na saa nzima ya kupotea bure, ambayo kwa mji huu ni makadirio ya mtu mwenye imani.

Ile saa ilipotea hata kabla ya jua kupanda vizuri. Tulikuwa na karatasi ya shefu wa avenyu, kiongozi wa barabara ile, yenye sahihi na muhuri, inayosema ni kazi ya shule. Akaja bwana mmoja mwenye kofia, hakujitambulisha, akaisoma karatasi kichwa chini, akasema muhuri huo hautoshi. Unatosha wa nani? Hakusema. Alisema tu kwamba kamera inapiga picha za mji na mji una wenyewe. Mratibu alimwita "mkubwa" mara zisizohesabika, akamnunulia chai na mandazi, na yule mkubwa akaketi kwenye ngazi akala taratibu, ndani ya picha yetu hasa, dakika 25. Alipoondoka walikuja watoto. Watoto wa Kadutu wakiona kamera hawaulizi, wanapanga mstari: "Tupige! Tupige!" Tulifanya mpango nao, tukawapiga picha kwa simu mmoja mmoja, na kwa malipo hayo wakawa walinzi wa ngazi, wakali kuliko yule bwana.

Mwigizaji wetu alikuwa mdogo wake mpiga kamera, miaka 14, mama yake alikubali baada ya kuisoma senario yote, hadithi iliyoandikwa kwa ajili ya kamera, na kuuliza kama kuna mahali anabusiwa. Hana neno hata moja la kusema. Anashuka, anasikia kitu, anageuka, bidoni inamponyoka.

Sasa tatizo ambalo hakuna somo lililotuandaa kwalo. Usiku kulinyesha. Tulipoanza, ngazi zilikuwa zimelowa, nyeusi, zinang'aa, na kusema kweli zilipendeza kuliko tulivyoota. Plani tano za kwanza zote zina ngazi zilizolowa. Lakini Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na ikweta si mbali. Jua likishapita mlima halina huruma. Saa mbili na robo ngazi zilikuwa kavu, za kijivu, kana kwamba mvua ilikuwa ya mwaka jana. Ukiunganisha plani ya tano na ya sita, msichana anaruka kutoka Machi hadi Julai ndani ya hatua moja.

"Tumwage maji," nikasema mimi. Ndiyo, ni mimi.

Nyumbani kwao mratibu hapakuwa mbali. Wakaja na bidoni mbili zimejaa, lita 40, na tukaanza kumwaga kutoka juu, ngazi baada ya ngazi, mpiga kamera akielekeza: hapa bado, pale ongeza. Nilikuwa nimeinama namwaga mbele ya mlango mmoja wa mbao, nikasikia sauti nyuma yangu, wala haikupazwa.

"Ninyi batoto. Ile mayi munamwanga, munajua batu ba hapa banaamka saa ngapi juu yake?"

Alikuwa bibi mmoja amekaa kwenye kigoda, kitenge mabegani. Bila shaka alikuwa pale tangu asubuhi, na hatukuwa tumemwona kwa sababu hakuwa kwenye orodha ya plani. Nilibaki nimeinama na bidoni mkononi. Hasira ingekuwa nafuu, maana kwa hasira unaomba msamaha unaondoka. Yeye aliuliza kama anayetaka kujua. Akajijibu mwenyewe: saa tisa za usiku. Wanapanga mstari kwenye bomba kule chini, wakati mwingine maji yanakuja, wakati mwingine linakuja pumzi tu. Kisha akauliza tunafanya nini.

Nikamweleza. Filamu. Msichana. Maji.

Akafikiri kidogo. "Basi munamwanga mayi juu ya kuonyesha batu kama mayi hakuna."

Hakuna profesa aliyewahi kunimaliza hivyo kwa sentensi moja.

Ajabu ni kwamba ndiye aliyetuokoa. Bidoni yetu, ile ya mara ya saba, ilikuwa imepasuka pembeni, na plani ya nane ilihitaji bidoni nzima, karibu kabisa na kamera, imelala chini ya ngazi inadondosha matone. Bibi akamtuma mjukuu wake ndani, akatoa ya kwake. "Mutarudisha. Na mutarudisha na mayi." Bidoni yake haikuwa na mfuniko, imezibwa kwa kigunzi cha mahindi, kama bidoni nyingi za mjini zilizokwisha kuzeeka. Yetu ilikuwa na mfuniko mwekundu. Tuliona tofauti, tukatazamana, tukatazama saa. Tukapiga.

Plani ya tisa ilikuwa ya ndani: mlango, giza, na mstari wa mwanga chini yake. Hapa nitoe ushauri mmoja wa ufundi kwa mwanafunzi yeyote atakayesoma, maana ulituponyesha. Wiki iliyotangulia tulifanya mazoezi kwa simu chini ya taa ya nyumbani, na kwenye picha ilipita mistari myeusi ikipanda na kushuka kama mawimbi. Tulidhani simu imeharibika. Kumbe umeme wetu unakwenda kwa hertz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na simu ilikuwa imepangwa kwa nchi za hertz 60, kama Marekani. Weka picha 25 kwa sekunde, na mwendo wa shata, muda ambao kila picha inapokea mwanga, uwe sehemu moja ya 50 ya sekunde, mistari inaondoka. Tukaandika hilo kwa kalamu mkononi mwa mpiga kamera. Siku yenyewe tukaziba madirisha kwa vitenge, tukawasha taa nyuma ya mlango, kila kitu tayari, na umeme ukakatika. Maji ya Ruzizi, mto unaotoka ziwa Kivu, yanawasha taa za nchi tatu, na hapo karibu na chanzo chake tukabaki tunatafutana kwa kupapasa. Tukatumia tochi ya simu, tumeifunika kwa karatasi ya mandazi iliyolowa mafuta. Mwanga ukatoka wa njano, laini, mzuri kuliko wa taa. Yule bwana mwenye kofia alikuwa ametuachia kitu.

Mwenzetu wa sauti alikuwa na kawaida ambayo tulimcheka mwanzoni. Kila tulipomaliza mahali, alitunyamazisha wote akarekodi dakika moja ya hewa tu. Kimya cha mahali, alikiita, ingawa Kadutu haina kimya. Ina pikipiki, mbuzi, vipaza sauti vya makanisa, mtu anayepasua kuni. Kwenye montaji, yaani kuunganisha picha na sauti, dakika hiyo ndiyo iliyoziba mianya yote kati ya plani na plani. Bila hiyo kila picha inaingia na hewa yake, na mtazamaji anahisi anasukumwa bila kujua na nani. Na kwa kuwa rekoda yake haikuzimwa tangu asubuhi, ilikuwa na kitu kingine pia.

Tuliisikia usiku wa pili wa montaji, kwenye kompyuta ya kuazima yenye betri ya saa moja na nusu. "Ninyi batoto. Ile mayi munamwanga…" Mpiga kamera akasimamisha. Hakuna aliyesema neno. Tukaiweka mwanzoni kabisa, juu ya skrini nyeusi, kabla ya picha yoyote, kisha ngazi iliyolowa. Nywele zilinisimama. Mara moja filamu ilikuwa na mtu anayetazama, na hakuwa ndege.

Mratibu akasema huo ni wizi.

Tuligombana vibaya. Mimi nilisema ni sauti ya barabarani, kama mbuzi na pikipiki. Yeye akasema mbuzi hakukuazima bidoni. Betri ikaisha tukiwa tunapigizana kelele gizani. Kesho yake tulipanda Kadutu wanne, kila mmoja na bidoni iliyojaa, ile ya kwake ikiwemo, tukamwomba ruhusa na kumsikilizisha kwenye simu. Alisikiliza mara mbili. Aliuliza kama kuna pesa. Tukasema hakuna, ni kazi ya shule. Aliuliza kama jina lake litaandikwa, tukasema akitaka. Hakutaka. Alitaka aone ikiisha.

Yaliyobaki kwenye montaji nayapita haraka. Toleo la kwanza lilikuwa dakika tatu na sekunde kumi, na ili lifike mbili ilibidi nitoe plani niliyoipenda kuliko zote, uso wa msichana akigeuka. Bila uso ule hofu iliongezeka, jambo ambalo sijalisamehe. Majina yetu, meupe juu ya anga jeupe, hayakusomeka. Mwalimu alikuwa ametueleza habari za Saul Bass, Mmarekani aliyeyafanya majina ya mwanzo wa filamu kuwa sehemu ya hadithi yenyewe, basi tukayashusha kwenye nyuso nyeusi za ngazi, jina moja kila ngazi, kamera ikishuka. Lilikuwa wazo langu. Limo, linapendeza, na sioni aibu kulisema.

Tulipata 13 kwa 20. Walioanza na ziwa kutoka juu, maana kikundi kimoja kiliazima kile kidroni chetu, walipata 15. Mwalimu alisifu sauti, akasifu ngazi. Kisha akasema, "Huyu bibi mmemkopa. Mnamleta mwanzoni, mtazamaji anamsubiri, halafu hayupo. Katika filamu nzima angerudi wapi?" Alishika karatasi yetu ya mwisho wa hadithi. Kaka yake. Bibi hakuwemo kwenye mwisho wowote tulioubuni, hata wa yeyote kati yetu. Mratibu alijaribu kusema kitu kuhusu ukoo. Mwalimu alimwacha amalize, ambayo ni adhabu yake ya kawaida.

Jumamosi iliyofuata tulimpelekea. Tulikaa naye kwenye ngazi, simu ikiwa mikononi mwake, imeshikwa mbali kidogo na macho, watoto wamejazana nyuma yetu. Sauti yake ilipotoka watoto walipiga kelele. Yeye alitikisa kichwa tu, kama anayekubaliana na mtu mwingine. Ilipoisha akaendelea kuitazama skrini nyeusi.

"Na ile yenye kubakia?"

Hakuna, Bibi. Shule ilitaka mwanzo tu.

"Mulango, alifunga nani?"

Mama yake, nikasema mimi. Mgeni, akasema mpiga kamera, wakati huohuo. Hakuna mtu, akasema mwenzetu wa sauti. Mratibu alitazama viatu vyake. Bibi alitugeukia mmoja baada ya mwingine, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeuliza bei kwa wauzaji watatu wa duka moja.

Akaomba nimrudishie mwanzo. Aliangalia tena, na ilipofika plani ya nane akaigusa skrini kwa kidole, ikasimama. Darasa zima na mwalimu wake hawakuwa wameliona. Akamwita mjukuu wake kutoka ndani, aje aone mahali bidoni ya mfuniko mwekundu inapogeuka kuwa ya kigunzi.